Kihansi, kwa chura anayezaa

Kutoka Mlimba, mkoani Morogoro, hadi korongo la Kihansi nilipanda bodaboda kwenda kuwaona vyura wadogo wa Kihansi, na hapo ndipo fedha yangu ilipopotea. Katikati ya kilima kijana alizima pikipiki, mvua inatunyeshea, akaniambia, "Dada, tope hili hatukulipatana. Ongeza elfu kumi." Nikabisha sana. Msitu kulia, msitu kushoto, hakuna hata nyumba. Nikatoa elfu tano, akazihesabu mara mbili, akawasha. Mpaka leo zinaniuma, maana bei tulishakubaliana stendi mbele ya watu.

Getini mhifadhi alinichovyesha viatu kwenye dawa, akakagua nyayo kwa tochi, akanirudisha nichovye tena. Sikuchukia. Mwaka 2003 vyura hawa walikuwa maelfu, na miezi michache baadaye wakabaki wa kuhesabika. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa kwao. Matope ya kiatu yanatosha kuubeba.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, na dunia nzima ilikuwa na makazi yake hapa tu: hekta chache zilizolowa manyunyu ya maporomoko, chini ya milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Manyunyu yakakoma, majani yakakauka. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia, na bado yapo, yanapiga fyuu juu ya moss, mimea midogo laini ya mahali penye unyevu. Lakini porini chura akatoweka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni wa kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka ule wa 2000. Wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Nilimwona kwenye nyumba ya kuwatunza. Wa manjano kama ganda la ndizi mbivu, mfupi kuliko kidole gumba changu, ngozi ya tumbo nyembamba hata utumbo unaonekana. Hatagi mayai majini: anazaa vitoto vilivyokamilika, vyeusi vyeusi. Kimoja kilipanda jani, kikateleza, kikapanda tena. Nilisimama pale mpaka mhifadhi akanikumbusha kwamba giza linaingia.

Usiku nililala chumba chenye godoro la kuning'inia katikati, kwa bei ya hoteli ya mjini, na nikawaza Dar. Taa zetu zinawaka kwa maji ya mto huu pia. Mitambo ni ya megawati 180, na siikatai. Mjomba wangu huuliza, chura huyu analiwa? Nilipompigia simu nilimwambia hapana, haliwi, na kwamba nchi iliyoweza kujenga bwawa inaweza kumwachia maji ya kutosha. Akanyamaza kidogo, akauliza kama walinipa chai huko.