Nilivyofuga kuvu wa mizizi kwa ajili ya miche ya poaro

Kwa misimu mitatu mfululizo nilihamisha kutoka kitaluni miche ya poaro, mboga ya jamii ya kitunguu, myembamba kama uzi, nayo ikalala chini kabla hata ya kushika ardhi. Shamba langu liko Kabare, kando ya njia itokayo Bukavu kwenda Kavumu, kwenye ule udongo mwekundu, mzito na wenye uchachu, ambao chuma na alumini yake hung'ang'ania fosforasi kiasi kwamba mizizi huambulia kidogo sana. Samadi nilitia, majivu nilitia, na bado hali ilikuwa ileile. Sasa miche yangu hufikia unene wa penseli kabla ya wiki ya kumi, na akina mama wanaoinunua huniuliza natumia dawa gani. Huwajibu kwamba nafuga kuvu.

Ninaowasema ni kuvu wa mikoriza. Huingia ndani ya mzizi na kulishwa sukari na mmea, nao huulipa mmea fosforasi wanayoifuata mbali kwa nyuzi zilizo nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi. Poaro na vitunguu vina mizizi minene yenye vinyweleo vichache, kwa hiyo vinawahitaji kuliko mboga nyingi.

Ushauri wa kwanza nilioupata ulinichosha bure. Papa mmoja jirani aliniambia, "Mama, chukua udongo wa chini ya misonobari, pale uyoga unapoota, huko ndiko kuvu waliko." Nilipandisha kilima na kushuka na mifuko miwili, kamba ikiwa kichwani, nikaumwaga wote kitaluni, na miche haikubadilika hata kidogo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kuvu wa msonobari ni ukoo mwingine kabisa: huuvika mzizi wa mti kwa nje kama soksi, na poaro haiwahusu. Wale wa mboga hawachipuzi uyoga juu ya ardhi. Msimu huohuo nilipoteza chachu nzuri niliyopewa, yaani udongo wenye kuvu wa mboga, kwa kuitia kwenye kitalu cha mashu (kabichi), kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba kabichi na jamaa zake hawapokei kuvu hawa. Lengalenga nayo kwa kawaida haiwapokei.

Basi niliamua kutengeneza chachu yangu mwenyewe. Kuvu hawa hawakuzwi kwenye maji ya sukari kama hamira, kwani bila mzizi ulio hai hawaongezeki. Nilichimba udongo wa ukingoni, chini ya matete ambayo hayajaguswa na jembe kwa miaka mingi, nikauchukua pamoja na vijizizi vyake (usichukue kamwe udongo wa shamba la zamani la tomati au viazi, utahamisha mnyauko). Niliuchanganya na mchanga niliokwisha kuukaanga juu ya bati mpaka kikafa kila kilichokuwamo, nikajaza ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, nikapanda mtama na maharage. Gharama ilikuwa ndogo, labda dola chache za mchanga na kuni. Baada ya miezi mitatu na kitu niliacha kumwagilia kwa siku kumi ili kuvu wajitengenezee vijimbegu, nikakata majani, kisha nikaikatakata mizizi na kuichanganya na udongo wake. Hiyo ndiyo chachu. Huitandaza vidole viwili chini ya mstari wa mbegu, ili mzizi mchanga ushuke moja kwa moja juu yake.

Hata hivyo sikutaka kuamini macho ya shambani peke yake. Kijana wa maabara katika kituo cha afya cha karibu ana hadubini, na ana maji ya potasi kali anayoyatumia kuchunguza magamba ya ngozi yenye ukurutu. Nilimwomba tuichemshe humo mizizi ya poaro ili iwe angavu, kisha tuitie rangi kwa wino uliochanganywa na siki nyeupe. Jaribio la kwanza liliharibika, kwa kuwa nilipeleka wino wa muhuri, nao ukaganda juu ya mizizi kama lami ya zambarau. Nilizunguka Kadutu nzima, kule Bukavu, nikitafuta wino wa kalamu ya kujaza na kuonyeshwa biki tu, mpaka mwalimu mmoja mstaafu aliponipa chupa yake nyeusi iliyobaki robo. Tulichemsha upya kwa dakika chache, kijana akivaa glavu kwa sababu potasi hiyo huunguza ngozi, tukasuuza kwa maji yenye matone ya siki, tukabandika kipande kimoja kwenye kioo. Alitazama yeye kwanza, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, njoo uone." Nyuzi za bluu iliyokolea zilipita kati ya seli kama njia za mchwa, pembeni vilikaa vifuko vya mviringo, na ndani ya seli zenyewe vilisimama vijiti vyenye matawi madogo madogo, kila kimoja mfano wa mti. Nililia, na sioni haya kulisema.

Siku hiyo nilikuwa nimebeba pia mizizi ya tuta la pili. Agronomu mmoja aliyetufundisha alikuwa amesisitiza tutie DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, pamoja na chachu, eti ili tuwe na uhakika, nami nilimtii kwenye tuta moja. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, kwa maana mmea ulioshibishwa fosforasi huwafungia kuvu mlango, usiwalishe kwa kazi usiyoihitaji. Tuligeuza vipande sita vya mizizi ya tuta lile chini ya hadubini, na katika vitano hatukuona hata uzi mmoja wa bluu. Tangu hapo mfuko wa DAP haukaribii kitalu changu. Huweka samadi iliyooza vizuri, tena kiasi cha konzi moja kwa hatua.