Marumaru za Bafu la Mama

Nyumba ya mama yangu iko Ngamiani, Tanga, kwenye ile mitaa inayoitwa kwa namba za barabara. Baba aliijenga kidogokidogo kwa mshahara wa bandarini. Sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ile tuliyokuwa tukiisugua kwa nta na vitambaa kila Idd inapokaribia. Choo na bafu vilikuwa uani. Ukitaka kutawadha usiku, unavaa kandambili, unafungua mlango wa nyuma, unavuka ua.

Mama aliishi hivyo miaka yote wala hakulalamika. Kisha akaenda Dar es Salaam harusini, akafikia kwa ndugu mwenye nyumba mpya, nzuri sana. Alfajiri akatawadha, akatoka bafuni miguu imelowa, akakanyaga marumaru nyeupe zilizopigwa polishi. Nyonga ikavunjika. Habari za upasuaji, mazoezi na mkongojo sitazieleza hapa. Aliporudi Tanga hakuweza tena kuvuka ua usiku, na sisi watoto wake tukakubaliana kwamba stoo iliyopakana na chumba chake igeuzwe bafu.

Stoo ilikuwa na upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 2.4. Kaka, aliyeko Dar, ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha. Mimi niliyebaki Tanga nikapewa kusimamia fundi na kununua vifaa. Mabomba yakapita salama, zege likamwagwa, kuta zikapigwa lipu. Tukafika kwenye marumaru, na hapo ndipo tulipovutana.

Kaka alinitumia picha kwenye simu: marumaru za sentimita 60 kwa 60, nyeupe zenye mishipa ya kijivu, zinazong'aa, sakafuni na ukutani zilezile. "Mama amehangaika vya kutosha, mdogo wangu," aliniambia. "Nataka aoge kwenye bafu kama la hotelini." Nilimwelewa vizuri sana. Kwetu marumaru inayong'aa ndiyo dalili kwamba nyumba imekamilika na kwamba mtoto amemkumbuka mzazi wake. Ila mimi ndiye niliyekuwa nikimshika Mama mkono kwenda msalani, na kila nikiitazama picha ile naona mguu uliolowa.

Mwenye bafu akakata shauri. "Mimi ndiye nitakayeoga humo," alisema Mama, "basi nipelekeni dukani nikajionee." Tukapanda bajaji, yeye, mimi na fundi.

Duka lilikuwa limejaa maboksi mpaka barazani. Upande mmoja zilipangwa za kutoka Mkuranga na Chalinze, ambako siku hizi kuna viwanda vikubwa vya marumaru. Upande wa pili za India na China, na kwenye kona kulikuwa na maboksi machache ya kutoka Hispania, kwa bei iliyomfanya fundi apige mluzi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alimwamkia Mama, akampa kiti, kisha akaanza kutuonyesha. Hii ya sebuleni, hii ya jikoni, na hii nzuri kwa bafu, bi mkubwa, ukiwasha taa inawaka yote.

Fundi hakushughulika na uso wa marumaru hata moja. Alikuwa akizigeuza. Akaomba maji, akachovya kidole, akadondosha tone mgongoni mwa kila aina. Kwenye ile nyepesi ya ukutani, yenye udongo mwekundu, tone lilipotea palepale likaacha doa. Kwenye ile nzito, ya kijivu kwa nyuma, tone lilibaki limekaa juu. "Hii ya kwanza kauri, inakunywa maji," akaniambia. "Ukutani haina neno. Hii nyingine ni poseleni. Hainywi."

Baadaye nilivisoma vipimo vyake. Poseleni huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, na kwa kanuni za kimataifa haitakiwi kufyonza maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati kauri za ukutani hupita asilimia 10. Lakini tone lile lilikuwa limeshanionyesha. Tena lilikuwa na maana kwenye kubandika pia. Mafundi wengi kwetu wamezoea kuloweka marumaru kwenye pipa, kisha kuzibandika kwa uji wa saruji. Kauri inakubali, kwa kuwa ina vitundu ambavyo saruji inapenya na kushika. Poseleni haina vitundu hivyo. Ukiibandika kwa saruji tupu, baada ya muda ukiigonga inalia kama ina uwazi chini, na mwisho inanyanyuka. Inataka gundi yake, ile ya mfuko, na mwiko wa meno. Fundi akasema tukichukua poseleni, gundi iingie kwenye hesabu palepale, tusije tukakumbuka tukiwa tumeshafika nyumbani.

Mama alikuwa kimya kwenye kiti chake. Akamwita muuzaji. "Mwanangu, niwekee chini hiyo inayong'aa, na hiyo iliyofifia, na ile ya kuweka nje. Halafu niletee maji kwenye kopo."

Kijana akazipanga tatu. Mama akavua viatu, akaniegemea begani, akajimiminia maji mguuni mpaka juu ya kifundo, vilevile anavyotawadha. Akakanyaga ile inayong'aa. Nilikuwa nimeinama karibu, nikaona dole gumba linajikunja na vidole vingine vinatafuta pa kushika, kisha kisigino kikasogea, kidogo tu. Mkono wake ukanibana bega kwa nguvu. Alikumbuka Dar, na mimi nilikumbuka.

Akahamia ile ya nje, yenye chembechembe kama mchanga. Mguu ulitulia lakini uso ukakunjamana. "Hii inakwangua. Na uchafu ukiingia humu nitausugua na nini?" Ngozi ya wazee ni nyembamba, jambo ambalo sisi wenye miguu migumu hatulifikirii.

Ya mwisho ilikuwa poseleni ya rangi ya mchanga, isiyong'aa, ukiipapasa unahisi kama karatasi ngumu. Mama akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Akaomba sabuni. Muuzaji akaleta ya unga, ikakorogwa ndani ya kopo, ikamiminwa. Mama akapiga hatua ndogo mbele, akarudi nyuma, akainua mkongojo kutoka chini. "Hii," alisema.

Ujerumani wana kipimo rasmi cha mambo haya: mtu hutembea miguu mitupu juu ya ubao uliotegwa mteremko, huku maji ya sabuni yakipita, na ubao huinuliwa taratibu mpaka ajisikie anateleza. Marumaru hupangwa madaraja A, B na C kufuatana na nyuzi za mteremko alioumudu: 12, 18, 24. Mama hakuwahi kusikia habari hizo. Alijua tu kwamba mtu anayetawadha kwa ajili ya sala tano hukanyaga sakafu kwa mguu uliolowa mchana na usiku, na kwamba sakafu ichaguliwe kwa mguu huo. Nimeingia nyumba nyingi za Waislamu, za watu wenye uwezo, ambako hilo halikufikiriwa kabisa, na linaniuma.

Kaka alikuwa hewani kwenye simu ya video muda huo wote. Aliuona mguu ulivyoteleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Basi ukutani je?"

Ukutani hakuna anayekanyaga. Mama akasema zile nyeupe zenye mishipa, alizozipenda mwanawe, zipande ukutani, maana zinafutika kirahisi na zinaleta mwanga. Muuzaji akataka kumshawishi kwamba sakafu na ukuta viwe rangi moja, ndivyo watu wanavyopenda sasa. Mama akakataa, kwa sababu ambayo mimi sikuwa nimeiwaza. Ana mtoto wa jicho. Mahali palipo peupe kote haoni sakafu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, na sinki jeupe la choo juu ya sakafu nyeupe analikosa kabisa. Kwenye nyumba ile ya Dar, alituambia siku hiyo kwa mara ya kwanza, alinyoosha mguu akidhani bado kuna nafasi. Kwa hiyo polishi peke yake haikuwa na lawama yote. Sakafu ya rangi ya mchanga, ukuta mweupe, choo cheupe: kila kitu kimejitenga na mwenzake.

Ukubwa aliuamua fundi. Za 60 kwa 60 hazifai sakafu ya bafu dogo, kwa kuwa sakafu lazima iteremke kuelekea kwenye tundu la maji, na marumaru pana haijipindi. Utalazimika kuikatakata au maji yatatuama. Za 30 kwa 30 hufuata mteremko bila taabu, na mistari mingi ya grauti, ule uji unaojazwa kati ya kipande na kipande, huongeza mshiko. Boksi moja lilikuwa na vipande 11, karibu mita moja ya mraba. Sakafu ni mita 4.32, ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, tukachukua maboksi matano. Yalipoletwa mbele, fundi aliyapanga na kusoma namba za toleo zilizopigwa ubavuni. Mawili hayakulingana na mengine. Akayafungua, akaweka vipande sambamba juani, na kweli rangi ilitofautiana kidogo sana, lakini ilitofautiana. Muuzaji akayabadilisha bila maneno. Tukapakia kwenye kirikuu, gundi na grauti ya kijivu juu yake.

Kubandika kulikwenda vizuri. Mteremko uliwekwa sentimita 1 na nusu kwa kila mita, na mlangoni hapakuwekwa kizingiti, kwa ajili ya mkongojo. Gundi ilipokauka fundi alizunguka akigonga kila kipande kwa mpini wa nyundo ya mpira. Kimoja kililia uwazi. Akaking'oa, akakibandika upya. Nilimheshimu kwa hilo, maana sisi tusingejua.

Mama anaoga peke yake sasa, na kutawadha peke yake, na mlango anaufunga.

Kaka alipokuja Idd aliingia kutawadha. Alipotoka aliniuliza kama zile za rangi ya mchanga bado zipo dukani, anataka kubadilisha za bafuni kwake kabla Mama hajaenda kukaa nao. Nikaenda kuuliza. Toleo lile lilikuwa limekwisha, na vipande vilivyotubakia havikutosha hata robo ya bafu lake. Muuzaji akatutafutia nyingine ya rangi iliyokaribiana, isiyong'aa. Nikaomba kopo la maji kwanza.