Jinsi nilivyompata babu kwenye kitabu cha ubatizo, Bukavu

Kwenye karatasi zote za nyumbani babu ana majina ya kienyeji tu. Ndivyo ilivyo kwa wazee wengi: mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo) alipiga marufuku majina ya Kikristo, yakatoweka kwenye vitambulisho. Kumbe kitabu cha parokia kilimwandika kwa jina la mtakatifu, tena kwa Kilatini, na mji ukiitwa Costermansville, jina la Bukavu enzi za Wabelgiji.

Kutafuta kwa jina la ukoo hakusaidii, maana kwetu si lazima mtoto abebe jina la baba. Basi nikafuata majina ya wazazi wake, ambayo huandikwa pamoja na la mbatizwa. Katibu wa parokia, mama mvumilivu kweli, akaniambia nisome na ukingoni mwa ukurasa. Kanisa huongeza hapo kipaimara na ndoa, hata kama mtu alioa parokia nyingine. Jina la bibi lilikuwapo! Ubishi wa wajomba kama kweli huyo ndiye babu ukaishia hapo.

Tarehe ndizo za kuangalia sana. Babu alibatizwa mtu mzima, baada ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, na mwaka wake wa kuzaliwa padri aliuandika kwa makadirio.