Nilivuta wavu pale Mlango Mmoja

Baba alipoingia ndani alfajiri ile hakuweza kushika kikombe. Mama alimshikia, akamnywesha chai ya tangawizi kidogo kidogo, na mimi nikabaki mlangoni, "Mwangaluka, baba," salamu yetu ya asubuhi kwa Kisukuma, imenikwama kooni. Ilikuwa Februari 2014, Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, masika bado hayajaanza.

Mtu asiyelijua ziwa akisikia Mwanza huwaza jua na mawe. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa siku za giza kwa sababu hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazina nguvu na mitumbwi hulala ufukweni. Kwa hiyo baridi aliyoijua yeye ni ya saa tisa usiku, katikati ya maji, upepo ukitoka upande autakao. Alikuwa na koti la mvua la nailoni. Halikupitisha maji, lakini jasho nalo halikuliachia njia ya kutoka. Akivuta wavu anatoka jasho, kisha anakaa kusubiri dagaa wakusanyike tena, na jasho lile linampoa mgongoni. "Ninalowa kwa ndani," alikuwa akituambia miaka yote, nasi hatukumwelewa.

Mama akafungua pindo la khanga, akanipa shilingi 40,000. "Wewe na baba yako mnalingana kimo na mabega. Yeye mwache alale. Nenda kamtafutie koti, ujipime wewe." Nilikuwa na miaka 19. Nikachukua na sweta lake la sufu, maana nilijua akiwa ziwani huwa halivui mwilini.

Pale Mlango Mmoja, soko la mitumba la Mwanza, nilizunguka sana. Makoti mazito ya pamba yalikuwa mengi na ya bei rahisi, ila nilipowaza likinywa maji ya ziwa mwilini mwa mtu aliye ndani ya mtumbwi, nikaliachia. Ndipo nikafika kwa kaka mmoja ambaye zamani aliuza mitumba Moshi, wateja wake wapagazi wa Kilimanjaro. Akaniuliza, "Dada, unataka la kukimbilia mvua ya mjini, au la kukesha nalo?" Nilipomweleza kazi ya baba hakusema neno. Aliinama nyuma ya meza, akavuta kiroba.

Yalikuwa majaketi na suruali za watu wa snoubodi. Huko kwenye theluji, Ulaya na Marekani, mtu hufunga miguu yote miwili kwenye ubao mmoja na kuteremka mlima. Huanguka, hupiga magoti, hukaa chini kabisa kwenye theluji ili afunge viatu vyake kwenye ubao. Ndiyo maana suruali zile ni pana, zina nafasi magotini, na mara nyingi kitako chake kimeimarishwa. Yule kaka alipokuwa akieleza, mimi nilimwona baba amekaa kwenye ubao wa mtumbwi uliolowa.

Akanionyesha kibandiko ndani ya jaketi moja la kijani: 10,000 na 10,000. Namba ya kwanza ni milimita, kimo cha maji ambacho kitambaa hukistahimili kinapopimwa kabla hakijaanza kuvuja. Ya pili ni gramu za mvuke wa jasho zinazoweza kupenya mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Niliposikia hiyo ya pili nikalishika lile jaketi kwa mikono miwili. Maneno ya baba ya miaka yote yalikuwa yameandikwa pale kwa tarakimu.

Lakini kibandiko husema jinsi nguo ilivyozaliwa, na mtumba umeshaishi. Tukaligeuza ndani nje. Mishono ya nguo kama hizi mara nyingi huwa na utepe uliobandikwa juu yake kuzuia maji yasipite kwenye matundu ya sindano. La kwanza utepe ulikuwa unabanduka, na utando wa ndani unapukutika unga mweupe. Tukaliweka kando. Lile la kijani utepe wake ulishika kote. Akalikunja kama bakuli, akamimina maji ya chupa, tukakaa tukiyatazama huku akihudumia wateja wengine. Chini pakabaki pakavu.

Nikavaa sweta la baba, nikavaa jaketi juu yake. Lilinikaa. Nikadhani tumemaliza. "Baba yako anasimama tu huko ziwani?" akauliza. Nikainua mikono. Nikainama. Halafu nikafanya kile nilichokuwa nikikiona tangu utotoni bila kukitazama: nikatanua miguu, nikakunja magoti, nikanyoosha mikono mbele, nikavuta. Mkono kwa mkono, mgongo ukirudi nyuma. Watu waligeuka, sikujali. Kwenye mvuto wa tatu au wa nne jaketi lilipanda, kiuno kikabaki wazi, na nikajua upepo humwingilia wapi. Tukachukua la saizi moja mbele, la bluu iliyopauka. Ndani ya hili kulikuwa na kile kisketi chenye lastiki na vifungo, cha kuzuia theluji isipande mgongoni, na chini ya makwapa zipu ndefu za kutolea joto. Nikavuta tena. Kiuno hakikufunuka. Tena juu ya kifua lilikuwa bapa, bila mifuko ya kutuna, kwa hiyo boya la kuvaa lingekaa juu yake vizuri. Vyote viwili, jaketi na suruali, akaniachia kwa 35,000. "Mishono usiiguse," akaniambia nikiwa naondoka.

Niliigusa. Suruali ilikuwa pana mno machoni pangu, na sikutaka baba aonekane kama aliyeazima nguo. Nikapita kwa fundi cherehani nikaipunguza mapajani.

Usiku wa kwanza baba alirudi mapaja yamelowa. Cherehani ilikuwa imetoboa mstari mzima wa matundu, na maji yalipita humo kila wimbi lilipomrukia. "Jaketi ni zuri, mwanangu," alisema. "Suruali inanibana nikichuchumaa." Hakuongeza kitu. Nililia jikoni, kisha nikaanza kufumua, uzi mmoja mmoja. Upana ulirudi, matundu yalibaki. Nikayasugua kwa mshumaa ndani na nje, nikaweka kitambaa juu na kupitisha pasi ya mkaa iliyokaribia kupoa, nta inywewe. Hapakukauka kabisa, lakini hapakuwa kama mwanzo.

Nilimfundisha na zile zipu za makwapa: fungua unapovuta, funga unapokaa kusubiri. Alizifungua na kuzifunga mara kadhaa kitandani, akizisikiliza.

Aliporudi asubuhi iliyofuata, magamba ya dagaa yaking'aa mabegani, hakwenda moja kwa moja kwenye chai. Alivua jaketi, akanigeuzia mgongo, akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya sweta, katikati ya mabega, niguse mwenyewe. Palikuwa pakavu, na pana joto.