Unga wa ngano na paa la asbesto: nilivyowafikia mafundi wa mtaa wetu

Ami yangu alikohoa karibu miaka mitatu kabla mtu yeyote hajamuuliza alifanya kazi gani ujanani. Kohozi lilipimwa mara kadhaa, kifua kikuu hakikuonekana, akapewa dawa ya kikohozi akarudi nyumbani. Siku tuliyompeleka kliniki ya kifua, daktari mmoja kijana aliitazama picha ya eksirei kwa muda, kisha akasema, "Mzee, miaka ya sabini ulikuwa ukifanya nini?" Ami akajibu kwa pumzi za kukatika kwamba alikuwa fundi wa kuezeka, na asbesto aliikata kwa msumeno wa mkono tangu ndevu zake hazijaota. Daktari akaiweka kalamu chini. Alitueleza kwamba mapafu yameshika makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Changamwe, Mombasa. Nyumba zangu nimezizunguka miaka mingi nikiuliza habari za chanjo, vyandarua, vyoo na presha. Kazi ya mtu sikuwahi kuiuliza. Nilitoka kliniki siku ile na aibu ambayo mpaka leo ninaikumbuka.

Mtaa wetu ni wa zamani na mapaa mengi ni ya asbesto. Watu wa pwani wanajua kwa nini ilipendwa: bati huliwa na chumvi ya bahari, lakini asbesto haishiki kutu, mvua ikinyesha haipigi kelele, na joto la Februari halikuunguzi ndani ya chumba. Lilikuwa paa zuri kweli. Ila paa hilo ni saruji iliyochanganywa na asbesto yenyewe, yaani nyuzi za madini, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Zikitulia ndani ya saruji nzima hazina neno. Ukikata, ukitoboa au ukivunja, zinaruka hewani, na zikishavutwa nyingine hukaa mapafuni maisha yote.

Mwezi ule ule mwenye nyumba mmoja akaanza kuezua. Vijana walipanda juu na nyundo, wakawa wanavunja na kutupa chini, vipande vikipasuka uani. Watoto walivichukua kuandikia sakafuni kama chaki. Jioni akina mama wakafagia lile vumbi jeupe kwa fagio kavu, mmoja kambeba mtoto mgongoni. Nilikimbia kuwazuia, na sikuwa na maneno ya kuwaambia zaidi ya "hii ni sumu".

Nikamwendea chifu, akanipa nafasi barazani. Nilijiandaa vizuri, hivyo nilidhani. Nikaeleza saratani ya mapafu, nikaeleza mesothelioma, ile saratani ya utando unaofunika mapafu, nikaeleza kwamba ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi ndipo ujitokeze. Hapo ndipo nilipowapoteza. Fundi mmoja akasimama: "Dada, mimi natafuta cha leo. Hiyo miaka 40 sijui kama nitafika." Watu wakampigia makofi. Sikumlaumu, maana ana watoto wanne na kibarua chake ni cha siku.

Nililala nikilifikiria lile jibu. Kumtisha mtu kwa kifo cha miaka 40 ijayo hakufai kitu ikiwa hujamwonyesha cha kufanya leo kwa mikono yake. Basi mara ya pili sikuitisha baraza. Niliomba chumba kimoja cha madrasa wakati wa alasiri, jua linapopenya dirishani kwa mstari, nikawaita mafundi wanane tu na wake zao. Nikachukua unga wa ngano, nikamnyunyizia fundi mmoja begani, juu ya ovaroli yake nyeusi. Nikamwambia, "Fanya unavyofanya ukirudi nyumbani." Akajikung'uta mlangoni, akaketi, akampakata bintiye. Tukatazama. Unga ulielea kwenye ule mwanga kama moshi, ukatua kwenye mkeka, na binti aliposimama gauni lake lilikuwa na alama nyeupe. Mkewe akasema polepole, "Na mimi ndiye ninayezifua hizo nguo."

Sikuhitaji kuongeza neno. Niliwasimulia tu jambo moja. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wakiwa wametoka eneo la migodi ya asbesto ya buluu ya Northern Cape, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba hata siku moja. Waliishi karibu tu, wengine walicheza huko utotoni.

Kisha nikachukua pampu ya kunyunyizia maji, nikalowesha unga uliobaki, nikamwomba fundi aupige kofi. Haukuruka. Mafundi ni watu wa kuona. Yule aliyenijibu barazani ndiye aliyeanza kuuliza maswali: je, kutoboa tundu la antena? Kufunga sola? Nikawaambia la kwanza ni kutafuta njia ya kutogusa paa kabisa, chuma kifungwe ukutani. Boliti ikilazimu kufunguliwa, iloweshe kwanza, tumia spana, usitumie nyundo, na grenda isikaribie. Kusugua kuvu kwa brashi ya chuma ni kosa sawa na kukata. Vumbi halifagiliwi, hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hakirudi jikoni. Zile barakoa za buluu za hospitali hazizuii nyuzi hizi, wala leso uliyofunga puani. Nguo za kazi zivuliwe nje. Na wavutaji sigara niliwaambia waziwazi: sigara na asbesto zikikutana ndani ya pafu moja, hatari ya saratani ya mapafu huzidishana.

Swali lililonishangaza ni la maji. Karibu kila mama aliuliza kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka paani, na wachache waliuliza kuhusu hewa. Niliwajibu kwamba hatari iliyothibitika sana ni ya kuvuta nyuzi kwa pua na mdomo, kwa hiyo waiogope zaidi ile mifereji na matangi yanaposafishwa makavu.

Jambo ninalolisema kila mara, hata wengine wanachoka nami: paa zima lisilo na ufa liache. Nimeona watu wakisikia neno saratani wanapanda juu kesho yake kulibomoa, na hapo ndipo wanapojiletea ile hatari waliyokuwa wakiikimbia. Linalopaswa kuondoka ni lililovunjika au linalomeguka, na lina utaratibu wake. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari, na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitoa mwongozo wake mwaka 2011. Mwenye nyumba ajulishe NEMA, kazi ifanywe na wenye leseni, vipande vifungwe kwenye nailoni nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Ni gharama, sifichi. Mwenye nyumba mmoja alinifokea kwamba namtia hasara. Nilirudi kwake na chifu na mzee wa nyumba kumi, mara tatu, mpaka akakubali kuezua vyumba viwili vilivyooza na kuacha vingine kwanza.

Sasa yule fundi hunipigia simu kabla hajapanda. Si wote. Wiki mbili zilizopita nilikuta vipande vimetandazwa njiani kuzuia matope, nikavilowesha na kuvifunika kwa turubai huku nikimsubiri mzee wa mtaa.

Nimeongeza pia mstari kwenye daftari langu la kutembelea nyumba. Kila mwenye kikohozi kisichoisha namuuliza kazi zake zote, na za mumewe, tangu ujana. Nimeshaandika barua ya rufaa kwa wazee watano, na juu ya kila moja nimeandika: "Aliwahi kufanya kazi na asbesto." Ami ndiye aliyenisomea ya kwanza, kitandani kwake, akanirekebisha tahajia ya jina la mwenzake waliyeezeka pamoja.