Saba Saba Haikuanzia Viwanjani

Muulize kijana wa Dar es Salaam Saba Saba ni nini, atakutajia Barabara ya Kilwa, foleni na tiketi ya kuingia. Si kosa lake. Maonesho ya biashara huanza mwishoni mwa Juni na kuivuka tarehe 7 Julai, basi jina la siku likahamia uwanjani.

Siku yenyewe ni ya 7 Julai 1954, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilipozaliwa katika nyumba ya TAA (Tanganyika African Association, chama kilichoitangulia), New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Waanzilishi wanaotajwa ni 17. Anayesimulia akaishia kwa Mwalimu Nyerere ameacha 16 nje ya mlango: Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, Saadani Abdu Kandoro, Germano Pacha, Tewa Said Tewa na wenzao.

Ukitaka kumweleza mtoto, usianzie 1954, maana atauliza chama kipya cha nini wakati kimoja kilikuwapo. Anzia 1929, ilipoundwa African Association, mama wa TAA, iliyobeba makarani na walimu wengi na haikuundwa kwa ajili ya kudai uhuru. Kisha mpeleke Meru, kaskazini mwa nchi, 1951. Serikali ya kikoloni iliwafukuza watu Engare Nanyuki kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Japhet Kirilo alikwenda New York kulia mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, ardhi haikurudi. Huyo Kirilo naye yumo katika wale 17, na mtoto akishaliona hilo hahitaji hotuba: malalamiko peke yake yalikuwa yamefika mwisho wake.

Wengi huteleza baada ya hapo. Wanaruka kutoka 1954 hadi 9 Desemba 1961 kana kwamba uhuru ulikuja na kadi ya chama, ilhali katikati mna miaka saba. Usiiache Tabora, Januari 1958, TANU ilipobishana kuhusu kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Wapo walioona kushiriki ni kuukubali ubaguzi. Mwishowe mkutano ukakubali TANU iingie uchaguzini kwa shingo upande, na kufikia uchaguzi wa 1960 TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71. Kwangu mimi, mkutano wa Tabora unaieleza Saba Saba kuliko gwaride lolote.

Kuna michanganyo mingine. CCM haikuzaliwa Saba Saba. Ni 5 Februari 1977, TANU ilipoungana na ASP (Afro-Shirazi Party) ya Zanzibar. Wakulima nao zamani walikuwa na siku yao hiyohiyo ya 7 Julai, kabla ya kuhamishiwa Nane Nane, ndiyo maana wazee wengine bado wanaihusisha na jembe. Na ukikuta Saba Saba ya Kamukunji, Nairobi, hiyo ni ya 1990, Wakenya walipodai vyama vingi. Inafurahisha kidogo: tarehe ileile, huku chama kinazaliwa, kule watu wanakataa kutawaliwa na chama kimoja.

Mtaa wa Lumumba uko karibu na Mnazi Mmoja. Ukienda maonesho, pitia hapo kwanza, kabla ya foleni ya Kilwa.