Nilivyorekodi jaribio la mzigo kwenye tovuti inayobana data

Desemba ikikaribia, nusu ya Nairobi husaka tiketi za basi za kwenda ushago. Mteja wetu mmoja anayeuza tiketi hizo mtandaoni alitaka kujua kama seva yake itahimili.

Katika jaribio la mzigo, unarekodi ziara moja ya kivinjari, kisha rekodi hiyo inakuwa skripti inayorudiwa kana kwamba ni abiria wengi. Ofisini tunarekodi kwa proksi (programu inayokaa kati ya kivinjari na seva) tuliyoiandika wenyewe: huhifadhi baiti jinsi zinavyopita, basi. Nilitafuta safari ya Kisumu, nikachagua kiti, kisha nikafungua rekodi kutafuta tokeni (msimbo wa utambulisho) inayofichwa kwenye fomu. Bila hiyo, ombi linalofuata hukataliwa. Nikakuta vurugu la herufi. Baiti mbili za kwanza zilikuwa 1f 8b, alama ya gzip, njia mojawapo ya kubana data. Ilikuwa kama belo la mitumba Gikomba: shati limo, ila hulioni mpaka waya ukatwe. Kurasa nyingine hazikuwa hata na alama hiyo. Heda ya Content-Encoding, mstari wa maelezo unaotangulia jibu la seva, ndiyo iliyonionyesha kuwa ni brotli, njia nyingine ya kubana.

Ningeweza kuandika programu ya kufungua kila aina. Nikaona ni kujitafutia kazi, kwa sababu seva hubana pale tu kivinjari kinapoomba. Katika Firefox nilifungua about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, nikaweka identity (yaani “usibane”) kwenye network.http.accept-encoding.secure, ambayo ndiyo ya HTTPS. Nikafuta pia kache, maana ukurasa uliokwisha kuhifadhiwa unaweza kurudi na jibu la 304 (“haujabadilika”) lisilo na maandishi yoyote. Nikarekodi upya, na tokeni ikasomeka waziwazi.

Sasa skripti nzima ilikuwa imebeba identity, na wengi huiacha hivyo. Mimi siafiki. Abiria halisi hupokea data iliyobanwa, na kuibana kunakula prosesa ya seva. Ukiipima bila kubana, seva inaonekana imetulia huku laini yako ya intaneti ikijaa HTML nono. Nikarudisha gzip kwenye kila ombi kabla ya kuendesha jaribio kwa k6, zana ya majaribio ya mzigo ambayo hufungua majibu yenyewe kabla skripti haijatafuta tokeni.

Kilichoichosha prosesa ni kurasa za kutafuta safari, zinazotengenezwa na kubanwa upya kwa kila ombi. Faili za JavaScript zilikuwa zimebanwa mapema na kuwekwa tayari, na picha za JPEG hazibanwi tena. Tukamwambia mteja aanze na ukurasa wa kutafuta.